Karafuu 14,000 ileile: 2014 baba aliiita neema, 2017 akaiita wizi. Hivi tunapima sera au tunapima bendera?

MtotoWaWete
Salaam humu ndani. Kuna jambo linanikaa rohoni siku nyingi, naomba tulijadili bila matusi.

Kwetu Wete, baba ana mikarafuu ya urithi, si mingi. 2014 nilikuwa likizo, tupo uani tunachambua, na karafuu za mwanzo ziko jamvini zishapiga jua siku nne. Baba akachukua moja akaivunja karibu na sikio, akasema "hii ishalia, kesho inakwenda". Basi akaanza kuisifu bei ya serikali. Kilo ya daraja la kwanza 14,000, la pili 12,000, la tatu 10,000. Akasema tangu azaliwe mkulima wa karafuu hajapata heshima hii na yote kwa sababu Maalim Seif wa CUF yumo serikalini. 2017 tupo uani palepale, bei ni 14,000, namuuliza vipi msimu baba, ananambia "tunaibiwa mchana kweupe mwanangu". Nikamwambia baba, bei haijashuka hata shilingi. Akanambia wewe hujui kitu, akanitajia uchaguzi.

Sasa ami yangu, nduguye baba khalisa, kaoa Makunduchi na huko ndo kwao sasa, CCM damu. Yeye kinyume chake. Wakati wa Serikali ya Umoja, CCM na CUF pamoja, alikuwa akisema bei hii ni kuwabembeleza Wapemba kwa pesa ya watu wote. 2017 ndo anaisifu, serikali inamjali mkulima. Mtu na nduguye, karafuu moja, bei moja, na kila mmoja kageuka upande wa pili kama walopeana zamu.

Swali langu: hivi sisi tunaiangalia sera yenyewe ya uchumi, au tunaangalia nani kaileta?

KizimkaziMie
Umejibu mwenyewe. Tunaangalia nani kaileta. Uzi ufungwe 😂

MwalimuWaHesabu
Usifungwe, maana mtoa mada kamuonea mzee wake. Bei ileile SIO bei ileile. 2014 dola ilikuwa kwenye 1,650 hivi, 2017 ishapita 2,200. Karafuu inauzwa nje kwa dola. Ukimpa mkulima 14,000 mwaka ule na 14,000 mwaka huu, umempunguzia, hata kama karatasi ni zilezile. Na mchumaji anayelipwa kwa pishi hakubaki pale pale, mchele haukubaki pale pale. Mzee kahisi mfukoni, wewe ulikuwa unaangalia ubao wa bei.

MtotoWaWete
@MwalimuWaHesabu hapo umenipa kitu sikukifikiria, shukran. Lakini baba hakutaja dola wala mchele. Alitaja uchaguzi. Na ami je? Yeye shilingi ilivyoanguka ndo kaanza kuisifu bei.

Bint_Chake
Mtu hata kama kahisi mfukoni, maneno ya kuyasemea yale maumivu anayachukua barazani, na baraza zetu tunazijua. Kuna baraza ukikaa bei nzuri, ukivuka barabara baraza ya pili bei mbaya.

Mie nitatoa la bibi yangu. Pensheni Jamii imeanza Aprili 2016, 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, hukuulizwa ulifanya kazi wapi wala una chama gani. Wakati wenyewe mnaujua, uchaguzi wa marudio wa Machi umetoka kupita na kwetu watu hawakwenda kupiga kura. Bibi akasema pesa ya serikali nisiyoichagua sendi kuipangia foleni. Akakaa miezi. Mama alimbembeleza, sheha akaja mpaka mlangoni, hataki. Alokuja kumbadilisha ni shoga yake wa udogoni, kaja na khanga mpya na sukari kilo mbili kanunua kwa pesa ileile, wamekaa wanakunywa chai, bibi kaiangalia ile khanga mpaka mwisho akaishika upindo, akasema "na mie kesho nipitieni". Sasa hivi ni 50,000 tangu 2023 na tarehe ikifika bibi ndo wa mwanzo kuvaa buibui.

Itikadi ilimshika kweli lakini ilikuwa na mwisho wake.

DarajaniMchuuzi
Huo mwisho ndo wenyewe. Mnasema itikadi itikadi, mie naona tumbo. Mkulima anataka bei juu, mchumaji anataka pishi ilipwe vizuri, mfanyakazi wa serikali anataka mshahara, sie wachuuzi tunataka kodi ishuke. Mie nauza vitambaa na mapazia, hapa Darajani tunakaa CCM na ACT meza kwa meza, likitajwa jambo la kodi wote tunasema kitu kimoja. Mzigo umelipiwa hapa ukiuvusha Dar unadaiwa tena tofauti ya ushuru, sijawahi kuona mwana CCM akalipa ile kwa furaha kwa kuwa ni serikali yake.

TangaMbili
@DarajaniMchuuzi halafu siku ya kura mnapiga vipi? Ndo hapo.

Wacha niweke jambo ambalo watu wa kwetu Pemba hatupendi kuliambiwa, na mie ni wa huko na niliipenda CUF kwa moyo wangu wote. CUF sera yake ilikuwa utajirisho. Soko huru, mtu binafsi apewe nafasi, na ilikuwa mwanachama wa muungano wa vyama vya kiliberali duniani. Profesa Lipumba kasomea uchumi Stanford na alikuwa akiieleza vizuri sana. Tukaishangilia miaka ishirini. Machi 2019 Maalim katoka, kasema shusha tanga pandisha tanga, tukahamia ACT-Wazalendo. Na ACT ni nini? Ni chama cha Azimio la Tabora la 2015, wenyewe wanasema wazi wanarejea misingi ya Azimio la Arusha, ujamaa wa kidemokrasia. Yaani kwa siku chache watu laki kadha wametoka kwenye uliberali wakaingia kwenye ujamaa, na sikusikia mtu hata mmoja barazani akiuliza "jamani hii sera ya uchumi mbona inakwenda upande wa pili?" Mie mwenyewe sikuuliza. Nilikuwa juu ya ngazi napaka rangi tawi.

Kwa hiyo hatukuwa waliberali na si wajamaa. Tulikuwa na Maalim. Allah amrehemu.

KizimkaziMie
Amin. Na umesema kweli ndugu yangu, wacha na mie niseme ya kwetu ili isiwe mnajipiga wenyewe. CCM ndo ilotoa Azimio la Arusha 1967... 

FundiMaruhubi
Samahani nakukata, CCM 1967 haikuwepo. Azimio ni la TANU, na huku kulikuwa na ASP. CCM imezaliwa 5 Februari 1977.

KizimkaziMie
Sawa fundi, TANU. Lakini babake CCM ni huyohuyo. Basi Azimio lile likakataza kiongozi kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kuwa na mishahara miwili. Halafu 1991 Halmashauri Kuu ya CCM imekaa hapahapa Zanzibar ikayalegeza yote yale, ndo watu wakaita Azimio la Zanzibar. Babu yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, alisimama mwaka 80 akasema biashara ni unyonyaji, na mwaka 92 alisimama na kofia ileile akasema wawekezaji karibuni. Hakuwa mnafiki, jamani, nilimjua, mtu wa sala tano. Yeye alikuwa anaamini chama kinajua. Chama kikigeuka na yeye anageuka na moyo wake safi.

MtotoWaWete
Hii ya "chama kinajua" ndo nilokuwa naitafuta neno lake.

MzeeWaJamvi
Assalaam alaykum vijana. Nasoma kimya tangu asubuhi. Mnazungumza kama watu wamekuwa vipofu tu wanafuata bendera. Sie wa umri wangu hatukuzipata fikra zetu vitabuni wala kwenye mikutano, tumezipata njaani.

Mwanzo wa miaka ya 70 chakula kilikuwa cha mgao. Mchele kwa kadi, unapanga foleni alfajiri. Pemba hali ilikuwa ngumu zaidi, watu wanakula mapopoo na vyakula vya porini. Na karafuu ziko juu ya miti! Karafuu wakati ule ndo karibu fedha zote za kigeni za visiwa hivi. Sheria ya magendo ya karafuu ilikuwa kali mpaka adhabu ya kifo. Hata KMKM, jina lake tu lisomeni: Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Mtu aliyekulia hapo ukimwambia "serikali ndo mnunuzi pekee wa karafuu" anasikia kitu chengine kabisa, sio unachosikia wewe ulozaliwa 95. Unaweza kumpa 14,000 au 40,000, kuna pahala bado pana donda.

Na mwenzangu wa Unguja wa umri uleule, yeye 1964 alikuwa hana ardhi, wazee wake wanalima kwa hisani ya mwenye shamba. Mapinduzi yakampa eka tatu. Huyo ukimwambia serikali ipunguze mikono yake kwenye uchumi, anaona unataka kumrejesha alikotoka. Wote wawili wana haki ya kuona wanavyoona.

Msuka_Kaskazini
Mzee ahsante sana. Lakini eka tatu zilitolewa na Pemba pia, na kuna watu zimetoka mikononi mwao hizo eka. Babu yangu alikuwa na shamba, hakuwa sultani wala Mwarabu tajiri, Mpemba mweusi na jembe lake. Likakatwa. Mpaka leo mikarafuu ile naiona nikipita njiani na naijua ipi alopanda yeye. Hilo nalo likitajwa humu watu wananyamaza.

MzeeWaJamvi
Halinyamaziwi mwanangu. Limekuwa na nafasi yake na nalikubali.

KijanaWaBububu
Tatizo lote ni ule ujamaa wa baada ya Mapinduzi kuleta ukiritimba wa karafuu. Kabla ya hapo soko lilikuwa huru mkulima anauza anapotaka. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ivunjwe, IISHE.

FundiMaruhubi
Ndugu yangu hapo umekosea sana. ZSTC ni ya 1968 kweli, lakini ukiritimba ulianzishwa na Mwingereza. Kulikuwa na jumuiya ikiitwa CGA, ya wakulima wa karafuu, miaka ya 30 serikali ya kikoloni ikaipa nguvu ya kununua peke yake. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, mpaka India nako chama cha Congress kikaunga mkono, 1937 na 1938 karafuu za Zanzibar zikasusiwa, na India alikuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa. Serikali ya kikoloni ikalegea ikapatana nao. Sasa Mwingereza yule alikuwa mjamaa? Kila anayeshika dola hapa, awe Mwingereza, awe mwanamapinduzi, awe wa vyama vingi, anaishika karafuu. Sio itikadi, ni kwamba hazina haina pengine pa kuchota.

KijanaWaBububu
Sikulijua hilo la CGA. Nimelirekebisha kichwani. Ila ivunjwe vilevile 😄

MwalimuWaHesabu
Ivunjwe halafu? Indonesia mtoto wa Suharto alipewa ukiritimba wa karafuu miaka ya 90, wakulima wakaumia mno, ukaja kuvunjwa 1998 kwa masharti ya IMF. Kwa hiyo ukiritimba unaweza kuwa wa mtu binafsi na ukawa mbaya kuliko wa serikali. Na tusisahau Indonesia ndo mlaji mkubwa, sigara zao za kretek zinachanganywa karafuu. Alikuwa akinunua kwetu, alipojitosheleza mwenyewe kwenye miaka ya 80 bei ikaporomoka, na hapa Zanzibar kila mtu akamlaumu rais aliyekuwepo. Yaani mvutaji wa Java kaamua na sie tunagombana Kisiwandui kwa CCM na Mtendeni kwa CUF.

MwanakomboPaje
Nyie mmeshikwa na karafuu tu, hebu sikieni na sie wa mwani. Kwetu mnunuzi zaidi ni makampuni binafsi, sio serikali, tangu mwani ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 80. Soko huru hilo mnalolitaka. Nilipoanza kulima kilo ya mwani mkavu ilikuwa haifiki elfu moja. Unashuka maji yakitoka, umeinama masaa, miguu imechanika na chaza, kamba zimekatika na dhoruba, ule mwani mnene wenye bei haukui tena maji yamekuwa moto, unafika pwani mnunuzi anakwambia bei ni hii, ukitaka acha. Na sie tunalia tunasema serikali iingilie iweke bei!

Kwa hiyo mwenye karafuu analia serikali itoke, mwenye mwani analia serikali iingie. Pengine ni mwanamke mmoja, mwani anao na mkarafuu wa urithi anao. Mama mkwe wangu ni hivyo, mama wa Micheweni. Muulizeni huyo itikadi yake nini.

DarajaniMchuuzi
Bi Mwanakombo umemaliza. TUMBO.

TangaMbili
Hajamaliza. Huyo mama mkwe anapiga kura wapi?

MwanakomboPaje
Anapopigia siku zote 🙂 na mwani haujabadilisha hilo.

NipoOhio
Salaam kutoka mbali. Msidhani ni Zanzibar tu. Huku Marekani Chuo Kikuu cha Michigan kila mwezi kinauliza watu uchumi wanauonaje. Trump aliposhinda Novemba 2016, Warepublican ghafla wakaona uchumi mzuri na Wademokrat wakauona mbaya, hata kabla hajaapishwa, hakuna sera iliyobadilika bado. Alipoingia Biden 2021 wakabadilishana viti. Jirani yangu hapa mafuta ya gari yaleyale, kituo kilekile, mwaka huu ananambia rais kayapandisha, mwaka ule alikuwa ananambia rais hana uwezo juu ya mafuta. Ndo baba na ami wa mtoa mada hao, isipokuwa hawavai kofia ya kiua.

Bint_Chake
@NipoOhio lakini huko wanashindwa na wanashinda kwa zamu. Huku upande mmoja haujawahi kupewa nchi tangu vyama vingi virejee. Mtu ambaye hajawahi kuonja, unamwambiaje asiipime sera kwa kuangalia nani kaileta? Kwake swali la "nani" ndo swali la uchumi. 2010 kura ya maoni watu 66% wamesema ndio kwa Serikali ya Umoja, na baba wa mtoa mada baada ya hapo ndo kaona bei nzuri. Mie sioni upofu hapo. Naona mtu kajihisi na yeye mwenye nyumba.

KizimkaziMie
Hili nalo zito. Lakini ukiliendeleza sana maana yake tuache hata kuhesabu, tuulize tu "wetu au si wetu". Wawekezaji wamekodishwa visiwa vidogo: anayeipenda serikali anasema ajira, asiyeipenda anasema nchi inauzwa, na mie nawaulizeni nyote, nani kati yenu kauona mkataba hata mmoja?

Msuka_Kaskazini
Hatujauona kwa sababu hatuonyeshwi. Ukitaka watu wahesabu wape hesabu.

MzeeWaJamvi
Mfano mwengine niwape mtafakari. 1984 biashara ilifunguliwa hapa, bidhaa zikaingia, tukaona sabuni ya kuogea, tukaona suruali madukani. Waulizeni watu nani kafungua. CCM watakwambia Mzee Ali Hassan Mwinyi, alikuwa ndo Rais wa Zanzibar. Pemba watakwambia Maalim Seif, alikuwa ndo Waziri Kiongozi. Wote wawili walikuwa serikali moja, chama kimoja, ofisi jirani. Sabuni ni ileile. Kila mmoja kamkatia mtu wake.

MtotoWaWete
Mzee hii nimeicheka na imenichoma.

Basi nimempigia baba simu jioni hii. Nikamsomea ya MwalimuWaHesabu ya dola, akasema "ahaa, huyo kijana mwambieni aje nimpe nazi". Nikamwambia lakini baba wewe hukusema dola, ulisema uchaguzi. Kimya. Nilidhani simu imekatika. Halafu akanambia: "Mwaka ule nilipokuwa napeleka mzigo, pale mizanini niliulizwa hali, nikaitwa mzee. Mwaka wa pili sikuulizwa kitu." Nikamuuliza ni watu walewale? Akasema walewale.

MwalimuWaHesabu
Nazi naitaka. Hilo la kuitwa mzee sina fomula yake.

TangaMbili
Na je, hawakumuuliza kweli, au mwaka wa pili yeye ndo hakusikia?

MtotoWaWete
Sijui @TangaMbili. Sikuthubutu kumuuliza.

Bint_Chake
Mwulize akitulia. Na ami wa Makunduchi umempigia?

MtotoWaWete
Kesho inshaAllah. Kwa sasa baba kanikatia simu, anasema Wete kunaanza kunyesha na jamvi liko nje.

Msuka_Kaskazini
Huku Msuka ishafika tangu magharibi, mwambie akunje haraka.